Baba, Kaa Chini

Juzi kijana wa jirani aliingia uani kwetu kuchota maji, miguu yake imepakwa ile dawa ya misuli inayonuka mnanaa na kafuri, na kabla hajafika bombani mimi nilikuwa nimeshaona aibu. Yeye hakunifanya kitu. Alinisalimia vizuri, akaniambia timu yao imeshinda tena, imebaki mechi moja tu ya ugenini huko Bwera, na wakitoka salama wanapanda daraja. Basi limeshapatikana. Nafasi zipo.

"Auntie, twende na wewe! Kila siku unakaa tu hapa kama stuli."

Nikamwambia nina maharage motoni. Sikuwa na maharage motoni. Hata moto sikuwa nao. Alipoondoka na mtungi wake, harufu ya ile dawa ilibaki uani, nami nikabaki nayo, tukitazamana.

Mimi ni mtu wa nyumbani, sifichi. Wenzangu niliosoma nao sekondari wamefika Kampala na Nairobi, mmoja yuko Kanada na hututumia picha za theluji kana kwamba tulimwomba. Mimi nikifika Kasese mjini kununua sabuni nahesabu kuwa nimesafiri, na nikirudi nalala kidogo. Watu hudhani nilizaliwa hivi. Hapana. Utotoni nilisafiri mara moja kwenda kutazama mpira, nikafungua mdomo mbele ya watu wa nchi mbili, na tangu hapo naona safari zangu zimetosha.

Nyinyi mliokulia kwenye makambi ya kampuni mnaijua laini: nyumba zimeshikana mabega, ukuta mmoja unatumiwa na familia mbili, baba wa huku akikoroma wa kule ndio wanaokosa usingizi. Laini yetu ilikuwa ya kiwanda cha chokaa, nje kidogo ya mji. Kila kitu pale kilikuwa cheupe. Kuku walikuwa weupe, hata wale weusi. Majani ya mpapai yalikuwa meupe mpaka mvua inyeshe. Wanaume wakitoka zamu walirudi na nyusi za wazee, wanakoga, wanakuwa vijana tena, na kesho yake wanazeeka upya.

Lakini Baba hakuletwa Kasese na chokaa. Aliletwa na mikono yake. Alikuwa kipa, ametokea upande wa Busia ya Kenya, na wakati ule kampuni ikimtaka mchezaji haikumnunua, ilimwajiri. Kipa anaandikwa mlinzi wa stoo. Mshambuliaji anaandikwa fundi umeme, na balbu ikiungua kwake anamwita jirani. Nyumba za laini ya kwanza, zile zenye bomba ndani ya ua, zilikuwa za wachezaji, na sheria yake ilijulikana na kila mtu: unacheza, unakaa, umeacha kucheza, unampisha anayecheza.

Mama alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Baba husema kwamba siku moja Mama alipita na mzigo wake kando ya uwanja, akamwona yeye akiruka hewani, akasahau bei ya kitenge. Mama husema alisimama pale kwa sababu ya mvua.

Nilipoanza kuwa na akili ya kukumbuka mambo, timu yetu, ambayo watu waliiita Chokaa tu, ilikuwa ikifungwa na kila aliyekuja na mpira. Tulifungwa na walimu. Tulifungwa na askari magereza. Watu walirudi kutoka uwanjani wamenyamaza kama wametoka kuzika. Kisha Kochi Bwambale, mtu mfupi mwenye sauti ya lori, akamleta kijana mmoja mrefu kutoka Bulembia, jina lake Muhindo, akamweka golini. Baba akapewa koti la mvua na nafasi kwenye benchi.

Tukaanza kushinda.

Hapo ndipo akili yangu ndogo ilipoingia kazini, na naomba mnisikilize kwa huruma, maana hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Shuleni, mtoto akikosa jibu, mwalimu anamwambia simama, aliyepata anakaa. Kiwandani, meneja alikaa na wafanyakazi wakasimama. Kanisani, wazee wa parokia walikuwa na viti, sisi wengine tulibanana. Nyumbani kiti kilikuwa kimoja cha maana, cha Baba. Basi kila nilikogeuka niliona jambo lile lile: mkubwa anakaa. Na sasa Baba yangu, baada ya miaka yote ile ya kusimama golini kama mtu aliyeadhibiwa, alikuwa ameambiwa akae.

Halafu watu wenyewe walinihakikishia. Nilisikia bombani, nikasikia kwa kinyozi: "Tangu Wafula akae benchi, timu imepona." Wafula ndiye Baba. Nilielewa kila neno, na maana yote ikanipita. Niliamini kwamba Baba akikaa pale kuna nguvu inayomtoka na kuingia uwanjani, na kwamba akiinuka tu, hata kwenda kukojoa, inakatika. Kwenye mechi za nyumbani nilimlinda kwa macho.

Na nilijivuna. Mungu wangu, nilivyojivuna! Kulikuwa na msichana darasani, baba yake alikuwa beki wa kushoto, akaniuliza kama baba yangu bado anacheza.

"Kucheza?" nikamwambia. "Baba yako ndiye anacheza. Wangu anakaa."

Yule msichana akanitazama kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua aifungulie wapi.

Jioni kabla ya kila mechi, Baba alikaa kwenye ngazi ya mlango, akakunja suruali, akajipaka dawa ya misuli. Magoti kwanza, kisha mabega, kisha vidole, kimoja kimoja, kama anavisuka. Nyumba yote ilijaa ile harufu mpaka chai ikawa na ladha yake. Nilidhani dawa ile ni ya kukalia. Siku hizi nikifikiria mtu mzima anayejipaka dawa wiki baada ya wiki kwa mechi ambayo hataicheza, na mimi nikimshikia kichupa huku nikimwambia, "Baba, kesho ukae vizuri," najikuta natafuta kitu cha kufagia.

Yeye alikuwa akijibu, "Sawa, mkubwa. Nitakaa vizuri."

Timu iliendelea kushinda mpaka ikabaki mechi ya Bwera. Laini nzima ilipagawa. Mama Biira, jirani yetu aliyekuwa akileta samaki kutoka Kasenyi na kuongoza nyimbo za mashabiki kwa sauti hiyo hiyo ya kuuzia, alishona bendera kwa shuka la kitanda. Nyumba pekee ambayo haikuimba ni yetu. Mama alikuwa akifua kwa nguvu kuliko nguo zilivyohitaji.

Jumamosi jioni Kochi Bwambale alikuja kwetu. Alipewa kiti cha maana, Baba akakaa kwenye stuli, mimi nikajibanza kwenye pazia la chumbani.

"Wafula, ndugu yangu, sitakuzungusha," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Kesho tukipata hata sare, tunapanda. Na tukipanda, kampuni inaleta vijana kutoka Kampala. Wameshaongea nao. Sasa hao vijana watalala wapi?"

"Laini," Baba akasema.

"Laini. Na wewe unajua wataanza na nyumba ya nani. Si mimi naamua. Nimeona afadhali uisikie kwangu."

Mama alikuwa amesimama na birika. "Kochi, kunywa chai," akasema. Akammiminia mpaka kikombe kikafurika kwenye sahani, na sukari hakutia.

Mnaona jinsi mambo yalivyokuwa. Watu wote wa laini walikuwa wakiomba ushindi, na ushindi wenyewe ulikuwa ututoe sisi kwenye nyumba. Mama alijua, Baba alijua, Kochi alijua. Mimi niliyejificha kwenye pazia nilisikia jambo moja tu: wageni kutoka Kampala watakuja kulala kwetu. Kabla ya giza nilikuwa nimeshawatangazia watoto wote.

Usiku wakati wa kulala niliwasikia wakinong'ona upande wa pili wa pazia, sauti ya Mama ikipanda na kushuka, ya Baba ikijibu neno moja moja. Nikadhani wanapanga wageni watalala wapi.

Parokia yetu ilikuwa na desturi. Siku timu ina mechi ya ugenini, wachezaji walikuja misa ya asubuhi na jezi zao, wakapewa safu ya mbele, na katika maombi ya waamini mtoto mmoja wa laini alisimama kuwaombea. Jumapili ile Mama Biira alinisukuma mgongoni. "Nenda wewe. Una sauti."

Kweli nilikuwa nayo. Nikapanda, nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Tuiombee timu yetu inayokwenda Bwera," nikasema, na mpaka hapo nilikuwa padri kamili. "Baba yangu aendelee kukaa kwenye benchi. Asisimame hata kidogo. Ili tushinde, tupande, na wageni wa Kampala waje walale nyumbani kwetu. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," watu wakaitikia kwa mazoea, nusu yao. Nusu nyingine ilikuwa imeshaelewa. Kicheko kilianzia nyuma, kwenye wanaume waliosimama mlangoni, kikaja mbele safu kwa safu. Padri akainamia kitabu chake akitafuta ukurasa uliokuwa wazi mbele yake. Muhindo, kipa mpya, alitazama viatu vyake.

Kisha, watu wote walipokwisha kuitikia na kucheka, sauti moja ikasikika kutoka safu ya mbele, nzito, taratibu, peke yake.

"Twakuomba utusikie."

Ilikuwa ya Baba. Mimi nilishuka pale nimenyoosha shingo kama jogoo. Nilijua amejivunia mimi.

Nje Mama alinishika sikio. "Unasema nini mu kanisa ya Mungu? Batu bote banacheka baba yako!"

"Muache mtoto," Baba akamwambia. "Ameomba vizuri. Padri mwenyewe haombi hivyo." Alikuwa anacheka, lakini viganja vyake alivisugua pamoja kama mtu mwenye baridi, na Kasese haina baridi.

Mama alikataa kwenda Bwera. Bwera, karibu na kwao, ambako angevuka daraja akasalimia ndugu zake upande wa pili! "Niko na kazi," akasema. Kwa hiyo nilikabidhiwa kwa Mama Biira, tukapakiwa kwenye lori la kiwanda, mashabiki na wachezaji pamoja, tukiwa weupe kabla hata ya kuondoka kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulifagia.

Sijawahi kusahau barabara ile. Swala wa mbugani waliinua vichwa tulipopita tukiimba, wakarudi kula. Kwenye kizuizi mwanajeshi alitusimamisha.

"Shuka wote! Nyinyi nani?"

"Afande, sisi timu," Kochi akajibu.

Yule akatutazama, watu weupe kama mizimu, na shuka la kitanda na masufuria ya kupigia ngoma. "Timu ya nini?"

"Ya mpira, afande. Tunaenda kufunga Bwera."

"Bwera?" Akaanza kucheka. "Pandeni. Mtarudi mapema."

Uwanja wa Bwera ulikuwa karibu na soko, una mteremko upande mmoja, hauna viti, na watu waliuzunguka kama ukuta. Wengi walikuwa wamevuka mpaka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, na ngoma zao. Lori letu liliegeshwa nyuma tu ya benchi la timu yetu, mlango wa nyuma umefunguliwa, na sisi tukasimama humo. Nilikuwa namwona Baba kwa karibu: kisogo chake, koti la mvua, mikono imekunjwa. Amekaa. Nikatulia.

Kipindi cha kwanza kikapita bila bao. Cha pili kikaanza, bado hakuna bao, na sare ilitutosha. Wenyeji walianza kucheza kwa hasira. Mpira wa juu ukaja, Muhindo akatoka kuupiga ngumi, mshambuliaji wao akaja na bega, wakaanguka wote wawili. Mshambuliaji akainuka. Muhindo akabaki amekaa, ameshika mkono wake, na kidole kimoja kilitazama mahali ambapo kidole hakitazami.

Watu wakanyamaza, jinsi wanavyonyamaza mchezaji akiumia, hata wa upande wa pili. Kochi Bwambale akageuka kutazama benchi. Kipa alikuwa mmoja tu. Baba alikuwa ameshatoa mkono wa kwanza kwenye koti.

Nikamwona anainuka.

Mwenzenu nilihisi dunia inapinduka. Miezi yote ile tumeshinda kwa sababu amekaa, nimeombea kanisani akae, na sasa, imebaki kidogo tu, anasimama! Nilipiga kelele kwa sauti ile ile ya kipaza sauti, bila kipaza sauti.

"Baba! Kaa chini! Baba, rudi kwa benchi! Ukisimama tutafungwa!"

Katika ule ukimya ilifika kila mahali. Ilifika golini, ikafika sokoni. Kisha mtu mmoja mnene mwenye ngoma, upande wa pili, akaunyoosha mkono kutuelekea.

"Mumesikia mutoto wake? Mutoto wake mwenyewe anasema! Papa, ikala! Papa, ikala!"

Akaipigia ngoma. Watu wa Kasindi wakaichukua, wa Bwera wakaichukua, wauza nyanya wakaichukua wakipiga makopo. Papa, ikala, yaani Baba, kaa. Uwanja mzima ulimwambia baba yangu akae chini, na mimi ndiye niliyewafundisha wimbo.

Mama Biira alinifunika mdomo kwa kiganja kinachonuka samaki. "Banange! Nyamaza! Unataka kumuua baba yako?"

Nilikuwa nalia kwa hasira. Niliona wote wamenielewa, hata maadui, isipokuwa yeye.

Baba aligeuka. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, maana kofi ningelisahau. Alinitazama kama mtu aliyefika mbali akakumbuka kitu alichoacha nyumbani, akapima kama arudi. Kisha akalikunja koti vizuri, akaliweka mahali alipokuwa amekaa, akaingia mikono mitupu, bila glavu.

Kila alipougusa mpira waliimba. Shuti la kwanza lilipokuja aliteleza kwenye mteremko akaketi kabisa kwenye nyasi, miguu mbele, kama mtu anayesubiri chai. Mpira ulipita nje ya mlingoti. Uwanja ulikufa kwa kicheko. "Ameikala! Papa amesikia mutoto wake!" Wachezaji wetu wenyewe walicheka, nikawaona. Baba akainuka, akajipangusa suruali nyuma, akaweka mpira, akapiga.

Mwishoni kabisa wenyeji wakapata kona. Mpira ukaja chini, ukagonga miguu, ukamfikia yule mshambuliaji mwenye bega akiwa karibu sana na goli, karibu hata mimi ningefunga. Nilifumba macho. Nilisikia mguu ukipiga, nikasikia kishindo kingine, kisha nikasikia ngoma ikikatika katikati. Nilipofumbua, Baba alikuwa amelala kwenye matope amejikunja, na mpira hauonekani. Ulikuwa tumboni kwake, mikono yote miwili imeuzungushia. Alikaa nao pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Refa alimgusa bega. Ndipo akaamka, akaupiga mbali, na filimbi ikalia.

Kurudi, lori lilikuwa likiimba mpaka mbao zinatikisika, na wimbo ulikuwa wangu: Papa, ikala! Papa akakataa! Kila aliyepita aliniminya shavu. Baba alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabini, nami ubavuni mwake ndani ya ile harufu ya mnanaa.

"Baba, kwa nini ulisimama?"

"Kochi aliniita."

"Na mimi nilikuita."

"Nilikusikia," akasema. "Hata Kongo walisikia."

Siku ile ya Bwera nilikuja kuielewa nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wa michezo alimtoa msichana mmoja kwenye timu ya netiboli, akamwambia akakae benchi, na yule msichana akaanza kulia. Nikamuuliza jirani yangu analia nini wakati amepewa kiti. Akanieleza kwa maneno machache, akashangaa kuona mimi ndiye sasa niliyetafuta mahali pa kukaa. Kila kitu kilinirudia kwa mpangilio, kama watu wanaoingia kanisani: yule binti wa beki wa kushoto, kichupa cha dawa, kipaza sauti, ile sauti moja iliyoitikia peke yake, uwanja wa Bwera. Nilisikia joto kutoka kwenye vidole vya miguu mpaka masikioni. Joto hilo halijaisha. Limejifunza tu kukaa kimya.

Na wala halisaidiwi na watu. Wazee wa laini bado wananiita Ikala. Mgeni akija na Baba akitaka kuinuka kumsalimia, lazima mtu aseme, "Usiinuke, mzee, binti yako asije akapiga kelele." Baba hucheka mpaka anakohoa. Mimi huenda jikoni.

Vijana wa Kampala walikuja. Aliyepewa nyumba yetu alikuwa mtu mwenye adabu, alitusaidia kubeba kabati mpaka kwenye gari, akamwita Baba "senior". Tukapanga Rukoki, chumba na sebule, maji ya kununua. Baba akahamishwa kutoka stoo kwenda kupakia magunia, mpaka mgongo ulipokataa. Mama aliacha maharage yake aliyopanda uani yametoa maua. Hayo yote yalitokana na mpira mmoja ambao mtu mwenye akili yake angeuacha upite, na hakuna ambaye angemlaumu: kipa wa zamani, matope, shuti la karibu vile. Wangesema tu mtoto alimwonya.

Lakini jioni ile ya Bwera sijui chochote kati ya haya. Lori limetushusha mwanzo wa laini, jua linaingia nyuma ya milima, watu wanakimbia huku na huku na shuka lao. Mama amesimama mlangoni mwetu, kanga kiunoni. Amesikia nyimbo tangu mbali, kwa hiyo haulizi kwa haraka.

"Mumepanda?"

"Tumepanda," Baba akasema.

"Nani alikuwa mu goli?"

Baba akainama kufungua kamba za viatu. "Muhindo aliumia kidole."

"Sikuuliza Muhindo."

Alizifungua kamba za kiatu cha kwanza, akaenda cha pili, na kamba zikaisha. "Mpira ulinijia tu mikononi," akasema, kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Ungeuacha upite."

"Ningeuacha vipi?"

Mama alitazama ndani ya nyumba, kisha bombani, kisha maharage yake. Kule mbele walikuwa bado wanaimba. Akaleta beseni la maji, akaliweka kwenye ngazi, akapiga magoti.

"Lete ile mikono."

Baba akampa. Mama aliigeuza juu na chini, akaitia majini, akaanza kutoa matope kwenye kucha, moja moja, bila haraka. Kucha moja ilikuwa imepasuka mpaka kwenye nyama. "Aina akili," akasema. "Ata kidogo. Hii mikono aina akili." Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mimi sikuweza kujua kama analia au anacheka, na nadhani hata Baba hakujua.

Nilikuwa na njaa, na usingizi, na hasira ya mtu aliyetoa onyo mapema akapuuzwa. Nilisimama katikati yao, nikangoja mtu mmoja tu katika dunia nzima aniambie nilikuwa na haki. Mwishowe nikasema mwenyewe.

"Mama, mimi nilimwambia akae."

"Ata mimi nilimuambia, mutoto yangu," Mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ile mikono. "Usiku muzima nilimuambia."